Keateka wa Nyumba Yake Mwenyewe

Binti yangu alijua kubisha mlango wa chumba chake mwenyewe kabla hajajua kufunga viatu. Ukitaka kujua kwa nini nina hasira, anzia hapo.

Mume wangu si maskini. Nalisema mapema ili mtu asinipe pole isiyo yangu. Ni meneja katika kiwanda kimoja Thika, mmoja wa wale ambao wasiposaini, lori halitoki getini. Mshahara wake wa mwezi mmoja, baba yangu alikuwa akiutafuta kwa misimu miwili ya kahawa na asiupate. Lakini mtu huyo hulala akiwa maskini na kuamka akiwa maskini, na usiku, katikati, huhesabu.

Tulianzia Gitothua, chumba kimoja, mimi nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne tu, yeye akiwa karani wa stoo. Sitasema tulikuwa na furaha. Watu hupenda kusema hivyo wakishapata. Choo kilikuwa kimoja kwa ploti nzima na maji yalikuja yakitaka. Ila alipopandishwa cheo mara ya kwanza alileta nyama, tukala, akasema, "Sasa tumetoka." Sijamsikia akisema hivyo tena. Alipandishwa tena, kisha tena, na kila alipopanda tulihamia mahali ambapo majirani walikuwa wamepanda zaidi.

Nyumba ya sasa iko upande wa Ruiru, ndani ya estate yenye ukuta na soja wa kulinda geti. Vyumba vitatu vya kulala juu, sebule na jikoni chini, na nyuma, ukipita kamba za nguo, kuna SQ: chumba kimoja na choo, kilichojengewa msichana wa kazi. Msichana wa kazi hatujawahi kuweka. Msichana wa kazi ni mimi.

Ana kikundi chake cha wanaume. Hukutana Jumapili, huchoma mbuzi, huweka akiba, huombeana. Sijui huombeana nini, maana alikuwa akirudi kutoka huko kama mtu aliyepigwa. Fulani ameanza kujenga nyumba za kukodisha Kahawa Wendani, wanafunzi wanapanga foleni. Fulani ana malori. Fulani analipwa kama yeye tu, lakini mshahara haugusi, anaishi kwa biashara zake. Hilo la kutogusa mshahara lilimwingia kama malaria. Mwanamume mzima akaanza kuona aibu kwa sababu familia yake inakula mshahara wake.

Wala hayuko peke yake. Kuna siku wenye nyumba waliitwa mkutano hapo uwanjani, kujadili kama soja aongezwe kitu kidogo. Watu wenye magari mawili mawili walibishana asubuhi nzima. Mama mmoja, daktari, akasema kwa sauti ya matanga, "Jamani, sisi pia tunaumia." Watu wakaguna kuitikia. Soja mwenyewe alikuwa amesimama hapo kando, akitikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa na mtoto wetu wa pili mgongoni nikasema, "Tukiumia hivi, tumpe yeye nyumba, sisi tukakae getini." Hakuna aliyecheka. Mume wangu alinikanyaga mguu.

Basi jioni moja tukiwa mezani akaangalia dari, akasema, "Hii nyumba inalala."

"Inalala aje? Si tunaishi ndani."

"Ndiyo hiyo. Inakaa tu. Haifanyi kazi."

"Kwani kazi ya nyumba ni gani?"

"Mama, sikiza kwanza. Wikendi tu. Ijumaa mpaka Jumapili. Kuna watu wa ruracio wakipeleka mahari, watu wa matanga, wale wa majuu wakikuja. Wanalipa vizuri. Sisi tunaenda SQ. Watoto ni wadogo, hata hawatajua."

Watoto walijua.

Nilikubali. Wacha niseme hivyo bila kuzunguka. Aliniambia ni kwa miezi michache, mpaka amalizie ploti fulani, na mimi nilikuwa nimechoka kuitwa mtu wa kurudisha watu nyuma.

Mpiga picha alikuja. Chumba cha binti yangu kikabanduliwa vibandiko vyake vya vipepeo, ukuta ukapakwa rangi ya majivu, kitanda chake kidogo kikafunguliwa vipande vipande na kuwekwa gereji. Mahali pake pakaingia kitanda kikubwa chenye mito ambayo hakuna mtu huilalia. Kwenye mtandao kikaitwa chumba cha pili. Siku za katikati ya wiki aliruhusiwa kulala humo, pembeni, juu ya shuka la plastiki.

Ijumaa nikishamtoa nursery, nilianza kuhama. Nguo zetu kwenye magunia. Miswaki. Poti. Sufuria zangu nzuri. Picha zote ukutani zilishuka. Mume wangu alitaka nyumba isiwe na harufu ya mtu. Alipita nyuma yangu akikagua, akiokota hata kibanio cha nywele, "Mama, umeacha kitu hapa," kama vile nimeacha uchafu.

Na yeye mwenyewe alibadilika. Kuna wenzake wa biashara hiyo waliomfundisha kwamba wageni wakijua mwenye nyumba yuko karibu hawajisikii huru. Bora wakutane na keateka, mtu wa kuajiriwa kuitunza nyumba. Kwa hivyo Ijumaa akitoka kazini alisimama mahali, akavua shati la ofisi ndani ya gari, akavaa fulana iliyopauka na kofia. Gari aliliacha kwa jirani. Alifika getini kwa miguu na bonge la funguo mkononi. Mara ya kwanza nilicheka. Alivyowainamia wale wageni, alivyowabebea mabegi, ungemwonea huruma. Alikuwa hodari, tena sana.

Lazima niwaambie kuhusu binti yetu na babake. Wa kwanza wa kike kwetu hupewa jina la mama wa mume, na anayebeba jina hubeba na heshima yake. Kwa hivyo mume wangu hamwiti mtoto kwa jina. Humwita maitu, yaani mama, na humaanisha. Akitoka kazini humpigia magoti sakafuni. "Maitu, umeshindaje?" Naye mtoto wa miaka mitatu, amejishika kiuno, hujibu, "Salama, kijana yangu. Umekula?" Ni mchezo wao. Sijawahi kumwona mume wangu akiwa na raha kuliko hapo.

Huyo mama yake ndiye mume wangu alimlaza SQ, juu ya godoro la sponji, kwenye simenti.

Kule nyuma tulikuwa wanne kitanda kimoja na hilo godoro. Mchana bati lilichoma, asubuhi ukuta ulitoa jasho. Mtoto mdogo akaanza kukohoa. Tulipika kwa jiko dogo la gesi hapo mlangoni, na nilijifunza kupika vitu visivyonukia. Muziki wa wageni ukipigwa sebuleni kwangu, nilijua kila spika imewekwa wapi.

Mgeni mmoja akaandika kwenye mtandao kwamba nyumba ni safi, ila kuna mtoto wa wafanyakazi analia huko nyuma. Akatoa nyota tatu. Mume wangu alinisomea kwa sauti ambayo mtu hutumia kusoma tangazo la kifo.

"Inabidi umnyamazishe."

"Ni kifua. Anaumwa kifua."

"Naelewa ni kifua. Lakini nyota tatu, mama. Unajua nyota tatu zinatushusha mpaka wapi?"

Nilimwangalia nikatafuta yule aliyeleta nyama Gitothua. Sikumwona.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Wageni walikuwa wanaume, marafiki, waliokuja kwa sherehe fulani Thika. Alasiri nilikuwa naanika nepi. Nikageuka, binti yangu hayupo. Hayupo SQ, hayupo kwa kamba, hayupo kwa tangi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilikimbilia sebuleni. Wanaume, chupa mezani, na mtoto wangu hayuko. Yule aliyekaa karibu na ngazi aliniangalia tu akarudi kwa mpira kwenye TV. Nilipanda zile ngazi sijui vipi.

Alikuwa chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ndani kulikuwa na mgeni mmoja, yule mkubwa wao, amelala juu ya kitanda na viatu, simu mkononi. Mtoto alikuwa amesimama kando ya kitanda, mikono kiunoni.

"Toa viatu," alikuwa akimwambia. "Hiki ni changu."

Yule mtu alikuwa akicheka. Hakuwa na ubaya. Nataka kuwa mkweli, hakuwa na ubaya hata kidogo. Lakini kama angekuwa nao? Nilimshika mtoto mkono.

Mume wangu akatokea nyuma yangu na mtungi wa gesi begani. Alikuwa ameagizwa gesi, akaniona nikipanda mbio, akanifuata bila kuutua.

"Keateka," yule mgeni akasema, "kumbe uko na familia hapa?"

Nilingoja. Hapo ndipo nilimpa nafasi.

"Pole, bosi," mume wangu akasema. "Huyo ni mtoto wa hapo nyuma. Hatarudi tena."

"Hakuna noma. Ati ananiambia chumba ni chake." Akacheka tena, akaketi. "Huyu atakuwa wakili. Mnunulie kitu."

Akachomoa noti. Mume wangu akashusha mtungi polepole, akapangusa mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili, ameinama kidogo, vile tulivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa.

"Asante sana, bosi."

Binti yangu alimwangalia. "Kijana yangu," akamwita. "Mwambie atoe viatu."

Mume wangu akabeba mtungi, akashuka.

Tuligombana huko SQ kwa minong'ono. Hata hasira yangu ilibidi niipunguze sauti, wageni wasije wakaandika.

"Umemkana mtoto wako."

"Sijamkana mtu. Nimesema ni wa hapo nyuma. Si tuko hapo nyuma?"

"Na ile noti?"

"Ningekataa angeshuku."

"Wewe mtu ambaye akitaka ananunua hiyo gesi na lori lake. Unapewa ya chai na mtu amelala na viatu kwa kitanda cha mtoto wako, unainama."

"Pesa ni pesa."

"Rudia hivyo."

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua ile kofia. Akaniuliza kama najua mshahara ni wa nani. Nikasema ni wako.

"Si wangu. Ni wao. Siku wakiamka vibaya wananipa barua ya mistari mitatu, na tumerudi Kiandutu, kwenye mabanda nilikokulia. Wewe hujalala Kiandutu mvua ikinyesha. Mimi nimelala. Hao wote unaona kwa kikundi wako na kitu. Mimi sina kitu, mama. Nina mshahara tu."

Nilimwamini. Ndipo nikaogopa. Mwongo unaweza kumshika mahali ukambana. Huyu alikuwa ananiambia ukweli wake wote, na ndani ya ukweli huo hakukuwa na siku ambayo ingetosha. Angeongezwa mshahara mara mbili, na mimi na watoto tungekuwa bado juu ya simenti, tukinyamaza.

Nikaona nimwambie mamake. Nilidhani nina akili. Mama mkwe wangu aliwalea watoto wake Kiandutu kwa kuuza vitunguu, na mwanawe mmoja akawa meneja. Nikajua akisikia kwamba wajina wake analazwa chini, atakuja na fimbo. Alikuja siku ya wiki, akaleta parachichi na viazi, akaketi jikoni kwangu na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Mmefukuzwa?" akauliza.

"La, mama."

"Mna paa?"

"Tuna paa. Lakini mama, mtoto anakohoa."

"Mpake mafuta kifuani." Akachukua kiazi, akaanza kumenya. "Mimi nililala na watano chini ya mabati yenye matundu, na hakuna aliyenilipa. Nyinyi mnalipwa kulala. Kijana anatafuta. Mwanamume akitafuta usimshike shati." Akaangalia jikoni huku na huku. "Hata mimi, ningekuwa na choo kama hiki chenu, ningelipisha."

Alisema kwa utani, lakini utani wake ulikuwa na mifupa. Mwanawe amemjengea nyumba ya mawe, ina kila kitu, na chini ya kitanda chake kuna pakiti za unga anazoweka mpaka wadudu wanaingia, maana anaogopa kuzifungua zikaisha. Nilikuwa nimeziona, nikamcheka moyoni. Siku hiyo sikucheka. Niliona ugonjwa ulikotoka, na nikajua hakuna mtu atakayekuja kunitetea.

Baada ya wiki chache mume wangu aliingia akiwa amechangamka. Yule bosi amerudi, akasema. Ameipenda nyumba. Anakuja na mke na shangazi yake kwa ruracio ya ndugu yake, na amelipia mpaka Jumatatu. Nikamwambia sawa. Alinibusu kichwani. Alidhani nimekomaa.

Ijumaa hiyo sikuhama. Nilimtoa mtoto nursery, tukaenda gereji, tukatoa kitanda chake. Skrubu nyingine zilikuwa zimepotea, zilizobaki nilizikaza kwa kisu cha jikoni. Kitanda kikubwa nilikisimamisha ukutani na mito nikawapa watoto waichezee. Nikachemsha githeri, nikakaanga kwa vitunguu vingi mpaka nyumba nzima ikanuka sisi. Kisha nikawaketisha mezani. Nilijua anaweza kunifukuza. Nyumba ina jina lake, na mimi sina hata sufuria niliyonunua mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshaamua: kama watoto wangu watakuwa wa hapo nyuma, aseme hivyo mbele yangu mara ya pili.

Aliingia kwa mlango wa mbele, fulana na kofia, funguo mkononi. Akasimama.

"Mama," akasema, chini chini. "Wako kwa geti."

"Wakaribishe. Chakula kipo."

"Usinifanyie hivi."

"Sijafanya kitu. Nimepika."

"Tafadhali. Beba watoto twende, nitakusaidia kubeba. Tutaongea Jumatatu."

"Hatutoki."

Nje gari lilizima. Milango ikafungwa, sauti za wanawake, kicheko. Yule bosi akatangulia kuingia, nyuma yake mkewe aliyefunga kilemba cha sherehe, na shangazi mzee aliyeshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Wakatuangalia. Mtoto mdogo alikuwa na githeri mpaka kwa nyusi.

"Keateka," bosi akasema, "kuna makosa? Hawa ni akina nani?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Niliyameza yote, maana swali halikuwa langu.

Mume wangu alinitazama, akaangalia ngazi, akaangalia mlango. Alikohoa. Nilidhani atasema tena pole, bosi. Nilishaanza kusimama, kumshika mtoto, sijui ningekwenda wapi.

"Ni watoto wangu," akasema. "Huyu ni mke wangu."

"Sasa wanakula huku kwa nini?"

"Ni kwao." Akavua kofia. "Nyumba ni yangu."

"Yako, yako? Au unaichunga?"

"Yangu."

Yule mtu alimwangalia kutoka viatu mpaka kichwa. Unaweza kuona mtu akikumbuka noti. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akaketi kwenye kochi bila kukaribishwa, sufuria mapajani. "Ngai. Mwenye nyumba anabebea watu mabegi. Na wewe," akamgeukia mpwa wake, "ulikuwa unampa ya chai."

Mke wa bosi hakucheka. "Sasa sisi tutalala wapi? Watu wa ruracio wanatungoja kesho asubuhi, na huyu anacheza michezo. Tajiri wa kujificha. Bora mwizi."

Nikawaambia kuna nyumba ya wageni hapo barabarani, ni safi. Nikawamiminia chai. Shangazi pekee ndiye aliyekunywa. Mume wangu alirudisha pesa yote kwa simu akiwa amesimama hapo nje, na bosi alingoja mpaka ujumbe ukaingia ndipo akawasha gari. Mume wangu hakumwita bosi. Wala yeye hakumwita mume wangu keateka. Hakumwita kitu.

Nilitarajia makelele. Angalau kofi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari. Aliketi kwenye ngazi za nje na ile fulana yake mpaka watoto wakaoga, wakalala, mmoja kwenye kitanda chake kinachoyumba. Alipoingia alisema kitu kimoja: "Umetuharibia jina huko kwa mtandao. Hatutapata mtu tena." Nikamwambia nashukuru. Akapanda kulala.

Kukohoa kumeisha. Mume wangu bado huenda kwa kikundi na bado hurudi amepigwa. Hajaniomba msamaha na sidhani anaona kuna la kuombea. Juzi nilimkuta amesimama SQ peke yake, akipima ukuta kwa hatua. Sikumuuliza. Ikiwa anataka kupangisha hicho chumba, akipangishe, hicho si chumba cha mtoto wangu.

Ila tangazo la nyumba amelisimamisha tu, hajalifuta. Nimejifunza kulitafuta kwa simu yangu, na kila Alhamisi naliangalia. Nimeshamwambia: siku nitakayoliona limewashwa, wageni watatukuta mezani, mimi na watoto, tunakula, wikendi baada ya wikendi, mpaka nyota zote ziishe.